Nilichanika msuli, nikajinyima kula ili nikonde: wiki tisa haukupona (uzi wa nishati na misuli)

#1 BekiMbili_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi niliuahidi kwenye ule wa maumivu ya goti, watu wawili watatu wakanidai. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi si daktari. Ni mhasibu, miaka 43, Jumamosi nacheza bonanza za maveterani huku Kinyerezi. Mwezi wa nne nilikimbilia mpira mrefu dakika za mwanzo kabisa, sikuwa nimepasha kwa sababu nilichelewa kufika. Nikasikia nyuma ya paja la kushoto kama nimepigwa jiwe. Nikageuka kumtafuta aliyerusha. Hakuna mtu. Waliocheza mpira wanalijua hilo jiwe.

Nikaambiwa msuli umechanika kiasi, haujakatika, nijipe wiki sita mpaka nane. Sasa hapo ndipo akili yangu ya kihasibu ikaniponza. Nikapiga hesabu: sichezi, sikimbii, kitambi kitakuja. Basi nikate chakula. Asubuhi chai kavu. Mchana tikiti na kachumbari. Jioni kipande cha samaki na mchicha. Ugali, wali, chapati, vyote nikavipiga marufuku. Miezi miwili nikashuka kutoka kilo 84 hadi 77, watu kazini wananisifia, nami natembea kifua mbele.

Wiki ya tisa nikajaribu kukimbia taratibu. Hatua ishirini, paja likakamata palepale. Nyumbani nikaazima tepu ya shemeji yangu, ni fundi cherehani, nikapima sentimita 15 juu ya goti: kulia 54, kushoto 50 na nusu. Mguu ulikuwa umenywea na mimi nashangilia mizani.

Nikarudi kwa dada wa fiziotherapia. Hata mguu hakuugusa. Akauliza, "Kaka, unakula nini?" Nikamweleza kwa majivuno. Akanitazama, akasema: "Umefungua saiti ya ujenzi, tofali unaleta mbili mbili, halafu mafundi umewanyima posho. Nani atajenga?"

Hiyo kauli ndiyo iliyonitia kwenye kusoma. Naweka hapa nilichokielewa, wenye taaluma mnirekebishe.

Ndani ya seli kuna sarafu kuu ya nishati, inaitwa ATP. Ule ugali, ule nyama, ule mafuta, mwisho wa safari vinabadilishwa kuwa sarafu hiyo. Ajabu ni kwamba mwili hauiweki akiba. Kwa wakati mmoja unayo chini ya robo kilo, ila kwa siku nzima unaitengeneza na kuivunja mara nyingi hadi jumla yake inakaribia uzito wako mwenyewe. Msuli unaokimbia kwa nguvu zote, ukiachiwa ATP iliyomo tu, unazima ndani ya sekunde mbili tatu. Inaingia fosfokreatini, akiba ya haraka iliyomo msulini, inakubeba mpaka sekunde kumi hivi. Kisha sukari inavunjwa chapuchapu bila kungoja oksijeni. Kazi ya muda mrefu inabebwa na mitokondria, vile vinu vidogo vinavyochoma wanga na mafuta kwa oksijeni.

Wengi tunajua nguvu inatumika msuli ukijikunja. Mimi sikujua kwamba hata kulegea kunalipiwa. Nyuzi za ndani zikishashikana haziachiani mpaka ATP ije kuziachanisha. Na ile kalsiamu iliyoamuru msuli ujikunje lazima ipigwe pampu irudishwe ghalani, na pampu hiyo inakula ATP.

Sasa chukua msuli uliochanika. Utando wa nje wa seli una tundu, kalsiamu ya nje inamwagika ndani kama maji ya mvua, na ikizidi inaamsha vimeng'enya vinavyotafuna protini za msuli wenyewe. Pampu zinafanya kazi kufa na kupona, mitokondria zilizo karibu na tundu zinafyonza kalsiamu. Hapo hata ujenzi haujaanza, bado mnazuia mafuriko. Baadaye zinakuja seli za kinga kuzoa kifusi. Halafu ndiyo zinaamka zile seli za akiba zilizolala ubavuni mwa kila uzi wa msuli. Mtafiti Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 akitazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, na kwa vile zilikuwa zimejibanza pembeni akaziita seli setilaiti. Zikiwa zimelala hazili karibu kitu. Zikiamka zinagawanyika kwa fujo, zinavunja sukari kwa kasi kupata nguvu na malighafi. Zikishageuka kuwa nyuzi mpya, zinaanza kujaza mitokondria na kuchoma kwa oksijeni. Kila protini inayojengwa ina gharama: kuunga asidi amino moja na nyingine kunakula takribani ATP nne, na protini moja ya msuli ina mamia au maelfu ya viungo hivyo.

Mimi katikati ya kazi yote hiyo nakula tikiti.

Kuna kitu kinaitwa AMPK. Nakifananisha na mita ya LUKU. Uniti zikikaribia kuisha inapiga kelele, na wewe unazima friji, pasi, taa za nje. AMPK ikiona nishati imeshuka inazima shughuli za anasa ndani ya seli, na ujenzi wa protini uko kwenye orodha ya anasa, kwa sababu swichi yake kuu, mTOR, inabanwa. Kuna utafiti uliochapishwa 2014, vijana wa mazoezi walipunguziwa chakula kwa siku 5 tu. Kasi ya kujenga protini ya msuli wakiwa wamepumzika ilishuka zaidi ya robo. Siku 5! Mimi nilikaa siku sitini.

Na mafundi wakikosa posho wanafanyaje? Wanauza tofali. Hata kile kipande cha samaki, sehemu yake ilikuwa inachomwa kama kuni badala ya kwenda pajani.

Nawasilisha. Nitarudi kujibu maswali.

#2 Mzee_wa_Kuchua

Kijana, hongera kwa kuandika, ila mnapenda kuyafanya mambo kuwa magumu. Babu zetu walichanika misuli wakikimbiza ng'ombe, wakakandwa maji moto na chumvi, wakachuliwa, wakapona. Hiyo ATP hawakuijua.

#3 BekiMbili_Mstaafu

Shikamoo mzee. Sikatai kukandwa, hata mimi nilikandwa na maumivu yalipungua. Lakini babu alipokuwa anakandwa, bibi alikuwa jikoni. Mgonjwa nyumbani kwetu Songea alikuwa anapelekewa uji, kuku na supu hata kama wengine wanalala na mlenda. Hakuna aliyemwambia mgonjwa apunguze kitambi.

#4 MamaBaraka77

😂😂 Bibi alikuwa jikoni. Mzee hapo umepigwa na kanzu.

#5 MtuWaBucha

Mimi nauza nyama, shule niliishia la saba, ila hii mada ni yangu jamani niacheni niongee.

Mleta uzi umesema msuli unahitaji nguvu hata kulegea. Ni kweli mia kwa mia. Ng'ombe akichinjwa, dakika za mwanzo nyama bado inachezacheza kwenye ndoano, mnaiona. Masaa kadhaa mbele inakakamaa, ukiikata kisu kinagoma. Sisi tunasema nyama imekaza. Ni hiyohiyo: damu haiji, nguvu imeisha, zimeshikana hakuna wa kuziachanisha. Halafu ukiitundika siku inalainika tena, ila hapo ni kwa sababu imeanza kujila yenyewe.

La pili. Kuna ng'ombe anakuja mnadani Pugu amesafirishwa kutoka bara siku nyingi, kasimama kwenye lori, hajala, kapigwa fimbo. Ukimchinja akiwa hivyo hivyo hajapumzishwa, nyama inatoka nyeusi, kavu, inanata mkononi, na inaharibika haraka. Wateja wanasema nimewauzia nyama ya jana. Bwana mifugo alitueleza kwamba msuli wa ng'ombe unakuwa na sukari ya akiba, akifa ile sukari inageuka asidi na ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri nyekundu. Aliyechoka ameshaimaliza njiani. Ndiyo maana anayejua kazi anampumzisha ng'ombe, anampa maji na majani kwanza.

Sasa wewe mleta uzi ulikuwa ng'ombe wa lori.

#6 BekiMbili_Mstaafu

Mkuu MtuWaBucha, nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Na umenipa somo zuri kuliko makala zote nilizosoma.

Hiyo sukari ya akiba inaitwa glikojeni. Mtu mzima anayo gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli, na gramu 100 kwenye ini. Ile ya ini inagawiwa mwili mzima. Ya msuli haitoki, kila msuli unakula wa kwake. Mwaka 1966 Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanya wenyewe panya wa maabara: wakapanda baiskeli moja, huyu upande huu, yule upande ule, kila mmoja anakanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka uishiwe. Wakajikata vipande vidogo vya msuli kwa sindano. Halafu wakala wanga siku tatu. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni hadi karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu yuleyule, damu ileile, chakula kilekile. Kwa hiyo msuli uliochoka una njaa yake yenyewe.

Lakini hapa kuna mtego: msuli ulioumia unajaza ghala lake polepole kuliko uliochoka tu, kwa siku kadhaa. Sehemu ya sukari inanyakuliwa na zile seli za kinga zinazozoa kifusi, na mlango wa kupokea sukari kwenye nyuzi zilizoumia unakuwa mzito. Ndiyo maana kula wanga baada ya kuumia si ulafi.

#7 Mpagazi_Moshi

Naomba niulize. Mimi napandisha wageni mlimani Kilimanjaro. Kupanda kote hakuna shida, mapafu tu. Ila siku ya kushuka kupitia Mweka, kesho yake na kesho kutwa mapaja ya mbele yanauma mgeni hawezi kushuka ngazi za hoteli, anashuka kinyumenyume. Kila mtu anasema ni asidi ya laktiki. Ni kweli?

#8 KijanaWaIten

Niko upande wa Kenya, nakimbia, hii nitajibu mimi.

Hapana kaka. Kocha wetu alitueleza hivi: ukipanda ndiyo unahema na laktati (hiyo asidi ya laktiki) inapanda. Ukishuka huhemi sana, laktati iko chini, lakini ndipo unaumia zaidi. Ingekuwa ni laktati, ungeumia kwa kupanda. Tena laktati inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi, maumivu yanakuja kesho yake na kilele chake ni siku ya pili ya tatu. Haviendani.

Kinachouma ni kwamba ukishuka msuli wa paja unafanya kazi huku unavutwa kurefuka, unakuwa breki. Nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Ni ile story ya mleta uzi lakini ndogondogo nyingi. Na mwili unajifunza: akishuka tena baada ya wiki mbili tatu hataumia vile. Nyinyi wapagazi hamuumii kwa sababu mmeshashuka mara mia.

Hata hiyo laktati inasingiziwa bure. Moyo unaila, misuli mingine inaila, ini linaigeuza kuwa sukari tena. Ni mafuta ya kupokezana, si uchafu.

Kuhusu chakula, wageni wakija kambini huku wanatafuta siri. Wanakuta ugali, sukuma, maharagwe, maziwa, na chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Kuna watafiti waliwafuatilia wakimbiaji wetu kumi wakapima kila walichokula, wakachapisha 2004: asilimia 76 hivi ya nishati ilikuwa wanga, ugali ukiongoza na sukari ikifuata. Wazungu walishtuka na hiyo sukari. Lakini mtu anayekimbia mara mbili kwa siku, asipojaza ghala jioni, asubuhi anakimbilia misuli yake mwenyewe.

#9 ChumaChuma

Mnazunguka sana. Jibu ni kreatini na protini ya kopo. Mimi niliumia bega, nikapiga kopo mbili, nikapona wiki tatu. Ugali unaleta kitambi tu, acheni ushamba.

#10 BekiMbili_Mstaafu

ChumaChuma, kreatini siipingi. Ipo hata kwenye nyama, jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la nyama. Mfaransa Chevreul aliipata kwenye mchuzi wa nyama mwaka 1832. Nusu kilo ya nyama mbichi ina kama gramu 2. Gramu 3 hadi 5 za unga kwa siku zinaongeza akiba ya fosfokreatini, na kwa anayenyanyua vyuma zinasaidia. Kwa mtu mwenye figo nzima haijaonekana kuleta balaa. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Ila kwamba inaunga msuli uliochanika, hapo ushahidi unayumba, mara unasaidia mara hausaidii. Bega lako wiki tatu huenda lilikuwa limeteguka kidogo tu, ungepona hata kwa kopo la maji.

Na protini ya kopo bila chakula ni yale yale ya tofali bila posho. Utalipa pesa nyingi ununue kuni.

#11 ChumaChuma

Mkuu mbona makombora. Sawa. Kiasi gani sasa cha hiyo protini, toa namba.

#12 BekiMbili_Mstaafu

Kwa anayejenga, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo. Kwa mimi wa kilo 77 ni gramu 120 na ushee. Zigawanye kwenye milo, gramu 25 au 30 kila mlo, si kusubiri usiku ule kuku mzima.

Ninavyokula sasa: asubuhi mayai matatu na viazi vitamu (mayai yanatoa 18). Mchana ugali, maharage kikombe kizima, dagaa wakavu wa kukaanga konzi moja (maharage 15, dagaa kama 18). Jioni wali na samaki au kuku, kipande cha kueleweka (35 hivi). Kabla ya kulala mtindi nusu lita (16). Kinachobaki kinajazwa na ugali, wali na karanga, maana nao una protini yake watu wanaisahau. Dagaa na maharage vimeniokoa, nyama kila siku mfuko haukubali.

#13 Abuu_Tanga

Assalaam alaykum. Na sisi tunaofunga? Ramadhani iliyopita nilikuwa na jeraha la kigimbi, nikafunga zote. Nilijidhulumu?

#14 BekiMbili_Mstaafu

Wa alaykum salaam shekhe. La ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye nawaachia masheikh. Kwa upande wa mwili, kufunga si sawa na kujinyima. Kinachoangaliwa zaidi ni jumla ya saa ishirini na nne. Ukifuturu kwa tende, uji, maharage ya nazi, samaki, ukala tena kabla ya kulala, na daku ukaamka kweli ukala mayai na maziwa, posho imefika, imechelewa tu. Tatizo ni wanaofuturu kwa kachori na juisi halafu daku wanalala.

#15 MamaBaraka77

Naomba msaada jamani, mimi si wa mazoezi. Baba yangu ana miaka 74, alivunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, amelala sasa wiki ya tatu. Mfupa wanasema unaunga, lakini mapaja yameisha, yamekuwa kama mkono wangu. Anakula uji tu, anasema hasikii njaa kwa sababu hafanyi kazi. Tumlazimishe?

#16 NesiMwanakwetu

Pole sana dada. Mimi ni nesi, wodi ya majeruhi. Hilo la "sifanyi kazi kwa hiyo sili" ndilo linalotuharibia wazee wengi.

Kwanza, kulala kwenyewe kunakula misuli. Kuna wazee wenye afya kabisa waliolazwa kitandani siku 10 kwa utafiti wa 2007, hawakuumwa chochote, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Baba yako ana wiki tatu, tena na kidonda. Msuli usiotumika hata mitokondria zake zinapungua, kama mtaa usio na watu unavyokatiwa maji. Na jeraha kubwa kama hilo linapandisha matumizi ya mwili hata akiwa amelala. Mwili ukikosa posho unabomoa paja kulipia kidonda.

Pili, msuli wa mzee ni msikivu kidogo. Protini inayomtosha kijana kuwasha ujenzi haimtoshi yeye, anahitaji nyingi zaidi kwa mlo. Usimlazimishe sahani kubwa. Huo uji wake utie maziwa badala ya maji, saga karanga humo, vunja yai ukoroge, tia kijiko cha mafuta. Uji uleule, kikombe kilekile, nguvu mara mbili. Supu peke yake isikudanganye, maji ya supu hayana nyama, ale na minofu.

Tatu, msuli hausikii chakula bila kazi. Waombe watu wa fiziotherapia mazoezi ya kitandani: kukaza paja huku goti limenyooka, ahesabu mpaka tano, aachie. Kusimama kwa msaada mara tu daktari akiruhusu. Kama ana kisukari au figo, mpango wa chakula upitie kwa daktari kwanza.

#17 MamaBaraka77

Asante dada, Mungu akubariki. Ana kisukari cha kutumia vidonge.

#18 NesiMwanakwetu

Basi misuli yake ni muhimu mara mbili. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari ambayo insulini inaiondoa kwenye damu inaenda kwenye misuli. Msuli ukipungua, ghala limepungua. Uzuri ni kwamba msuli ukijikunja unafungua milango ya sukari wenyewe hata insulini ikiwa dhaifu. Hata yale mazoezi ya kitandani yanahesabika. Ila mpimeni sukari, akianza kutembea inaweza kushuka.

Na niongeze moja kwa sababu uzi ni wa mitokondria. Waliofanya kazi miaka ya 2000 watakumbuka wagonjwa wa dawa za zamani za virusi vya UKIMWI, stavudini na zidovudini. Mikono na miguu inakonda, mwingine misuli inaisha nguvu, anapanda ngazi kwa kujivuta na kitu. Wengi mtaani walisema ni ugonjwa umerudi. Kumbe dawa zilikuwa zinazuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, vinu vinazima kimoja kimoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iondolewe taratibu kuanzia 2009. Dawa za sasa zenye dolutegraviri hazina tabia hiyo, kwa hiyo asitokee mtu hapa akaacha dozi kwa sababu ya hii komenti.

#19 Kigimbi_Kimoja

Samahani kwa kuingilia. Juzi tulishindana jimu, kuchuchumaa mia tatu. Leo siku ya pili, mapaja yamevimba, na mkojo umetoka rangi kama soda nyeusi. Ninywe maji mengi itapita?

#20 NesiMwanakwetu

Kaka zima simu uende hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Na usimeze diklofenaki wala kidonge chochote cha maumivu cha aina hiyo.

#21 BekiMbili_Mstaafu

Nenda mkuu, tutakusubiri hapa.

Kwa wengine wanaosoma: seli za msuli zikipasuka kwa wingi zinamwaga protini yao nyekundu kwenye damu, ikifika kwenye figo inaziba. Huo mkojo si wa kunywea maji ukalala.

#22 Mpagazi_Moshi

Inaweza kumpata mtu hata bila kuzidisha? Nina mdogo wangu akikimbia dakika moja misuli inakaza kama ubao, akisimama kidogo akiendelea taratibu inakubali anaenda vizuri tu. Na kuna siku mkojo ulikuwa mweusi.

#23 NesiMwanakwetu

Mpeleke kwa daktari bingwa na umweleze maneno hayohayo, hasa hilo la "akisimama kidogo inakubali". Kuna ugonjwa wa kurithi, nadra, daktari Brian McArdle wa London aliueleza 1951. Mgonjwa wake alikuwa kijana wa miaka 30, misuli inauma kwa kazi ndogo, na akifanya mazoezi laktati haipandi kabisa. Glikojeni ipo imejaa lakini ufunguo wa kuifungulia haupo. Damu ikishaleta sukari na mafuta kutoka nje ya msuli, anapata nguvu ya pili. Sisemi ndiyo huo, nasema asipuuzwe na asilazimishwe kukimbia.

#24 KijanaWaIten

Waa. Ghala limejaa na ufunguo umepotea.

#25 Kigimbi_Kimoja

Nimelazwa, wananiwekea dripu tangu usiku ule. Daktari kasema figo zimeshtuka ila nimewahi. Dada Nesi sina la kusema.

#26 NesiMwanakwetu

Alhamdulillah. Maliza dripu, ushindani baadaye.

#27 BekiMbili_Mstaafu

Wakuu nimerudi, zimepita wiki sita tangu nianze kula kama mtu. Mizani imepanda, nipo 80. Kitambi kimerudi kidogo, sitadanganya. Naamka usiku mara chache kuliko nilipokuwa na njaa, na usingizi nao una kazi yake kwenye kupona. Mazoezi ni yale aliyonipa dada wa fiziotherapia: kulala chali nikanyanyua kiuno kwa miguu miwili, baadaye mguu mmoja, kisha kujishusha taratibu kwa magoti huku mtu ameshika vifundo. Hilo la mwisho ni lile la kushuka mlima, msuli unakuwa breki. Tulilianza mwishoni kabisa na kwa idadi ndogo, mara tano tu.

Jana nimekimbia dakika kumi na tano uwanja wa shule ya msingi, hakuna jiwe.

Nimepima: kulia 54, kushoto 53. Shemeji kachukua tepu yake. Anasema kama nataka suruali niseme, siyo kila Jumapili kuja kupima paja moja.